Barua kwa Mama Klavie: “Mama, jina yako haiko”

Mwezi huu mfuko wa barua umekuja mzito, na karibu zote zinalia kilio kimoja: watu waliandikishwa kwa tableti ili wapate msaada, siku ya malipo ikafika, jina halipo. Kwa wasomaji wapya: hili jina la Mama Klavie nilipewa na watoto wa avenyu yetu, maana mchana kutwa wanasikia vidole vyangu vikigonga klavie, yaani kibodi. Nina meza, kompyuta na printa karibu na soko la Kenya, hapa Lubumbashi. (Kenya ni komini yetu, yaani sehemu ya mji, si nchi. Kila mara kuna msomaji wa Mombasa anayeniuliza.) Kabla ya meza hiyo nilifanya miaka miwili kwenye mradi wa msaada, kazi ya kuingiza majina. Sitautaja. Ila mjue kwamba baadhi ya makosa mnayoyalalamikia niliyafanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Barua nimezinyoosha Kiswahili kidogo ili wasomaji wa mbali wasipotee. Pale maneno ya Lubumbashi yalipokuwa matamu, nimeyaacha.

*

Mama Klavie, mimi ni mjane, nauza makala (makaa ya kupikia) Katuba. Mwaka jana vijana wenye tableti walipita, wakanipiga picha, wakachukua vidole, wakanipa kikaratasi chenye namba. Siku ya malipo nilipanga mstari toka saa kumi na mbili asubuhi. Kijana akaangalia, akasema: “Mama, jina yako haiko.” Nikamwonyesha kikaratasi. Akaangalia tena, akasema: “Iko, lakini umeisha kulipwa.” Mimi sijaona hata franka moja. Nani amekula pesa yangu?
— Mjane wa Katuba

Pole sana, mama yangu. Hasira yako inamtafuta mtu, na huenda mtu huyo yupo. Lakini kabla hujaenda kumpigia kelele shefu wa avenyu, niruhusu nikukalishe upande wa pili wa ile meza, pale nilipokuwa nakaa mimi.

Tableti yetu ilikuwa haikubali kwenda mbele bila tarehe ya kuzaliwa: siku, mwezi, mwaka. Sasa muulize mama aliyezaliwa kijijini upande wa Kabongo alizaliwa lini. Atakuambia alikuwa bado ananyonya Mobutu alipofuta majina ya kizungu. Hilo ni jibu zuri kabisa, maana majina yalifutwa 1972, kwa hiyo mwaka tunaupata. Siku na mwezi je? Nyuma yake kuna watu sitini juani, na msimamizi anapita anahesabu nimemaliza wangapi. Basi nilikuwa naandika 01/01/1971, nabonyeza, anayefuata. Wenzangu wote walifanya hivyohivyo. Ukifungua orodha yetu ungedhani Katanga nzima ilizaliwa sikukuu ya mwaka mpya.

Ongeza majina. Sisi tuna matatu: la ukoo, lile la pili ambalo Mobutu alituachia badala ya ubatizo, na la ubatizo lililorudi baadaye. Ile programu ilitungwa mahali ambapo watu wanatembea na majina mawili, kwa hiyo ilikuwa na visanduku viwili. La tatu linaingia wapi? Mimi nilikuwa naliunganisha na la pili. Jirani yangu wa meza alikuwa analitupa. Kijana wa tatu alikuwa anaweka la ubatizo mbele kwa sababu, alisema, ndivyo inavyofanyika kwenye pasipoti. Na hapo hatujagusa Ngoy, Ngoi na Ngoie, ambao kwa sikio ni mtu mmoja na kwa kompyuta ni watu watatu.

Usiku orodha zote zinapanda kwenye seva, na huko kuna hatua ya kuwatafuta waliojiandikisha mara mbili. Nia yenyewe si mbaya, wajanja wapo. Mashine inalinganisha jina, tarehe na komini. Inakuta wanawake wawili wa Katuba, wote Kasongo, wote wa 01/01/1971. Inaamua kwamba ni mwanamke mmoja mwenye tamaa, inabakiza mmoja, inamfunga wa pili. Aliyebaki analipwa. Aliyefungwa akija na kikaratasi chake, skrini inaandika: amekwisha kulipwa. Kwa hiyo inawezekana kabisa pesa yako haikuliwa na mwizi. Aliyepokea ni mwenzako wa jina moja, alipokea ya kwake kwa haki, wala hajui kama upo.

Utaniuliza: na vidole je? Si walichukua vidole ili wasituchanganye?

Walichukua, na hapo ndipo naikumbuka asubuhi moja ambayo mpaka leo haijanitoka. Tulikuwa kwenye darasa la shule ya msingi, jenereta nje inanguruma, tableti juu ya dawati la watoto. Akaja mama mmoja, muuza makala kama wewe, mfupi, amejifunga kitenge cha kijani. Akaweka kidole gumba kwenye kioo. Taa nyekundu. Nikamfuta kidole kwa kitambaa chenye maji. Nyekundu. Cha pili, cha tatu, mpaka kumi vikaisha. Nikaushika mkono wake nikautazama karibu: ngozi imelainika kama sabuni iliyotumika, ile mistari hakuna. Makala yameila, maji ya kufulia yameila, mpini wa jembe umemalizia. Mwenzangu akaleta mafuta ya kujipaka, tukajaribu tena, ikawa mbaya zaidi. Programu ilikuwa na kitufe cha kuruka hatua ya vidole, lakini kilidai namba ya siri ya msimamizi, na msimamizi alikuwa mjini kwenye mkutano, simu imezimwa. Yule mama alikaa kwenye benchi mpaka saa kumi jioni. Halafu akaniuliza kwa upole: “Mwanangu, mikono yangu iko na kosa gani?”

Niliandika jina lake kwenye daftari langu la mkono, la kurasa tisini na sita. Mwisho wa mradi daftari lilikuwa na majina mia na kumi na nne. Hakuna aliyewahi kuniomba nilikabidhi.

Jambo hili halituhusu sisi peke yetu. India wameandikisha zaidi ya watu bilioni moja kwa vidole na macho, kila mmoja na namba yake ya Aadhaar, na katika majimbo mengi mtu anachukua mchele wa msaada dukani kwa kuweka kidole kwenye kimashine. Malalamiko yaliyotoka huko, hasa Jharkhand, ungeyasoma ungedhani yameandikwa Katuba: mtandao umekatika, seva haijibu, mzee aliyelima maisha yake yote vidole vinamkataa, anarudi nyumbani na gunia tupu. Kwa vijana wa ofisini kidole kinasoma mara moja. Anayehitaji mchele ndiye ambaye kazi yake imemfuta mistari.

Siku hizi mradi ukiingia kwenye avenyu yetu, nawauliza swali moja tu: mashine ikikataa, nani hapa mezani ana ruhusa ya kuirekebisha leo hii? Wakianza kutazamana, najua orodha yangu ya wanaolia imeanza.

Sasa wewe ufanye nini. La kwanza, usijiandikishe upya hata kama jirani anakushawishi. Ukijiandikisha mara ya pili, safari hii utakuwa kweli umejiandikisha mara mbili, na mashine inaweza kukufunga pande zote. La pili, peleka kikaratasi, kadi ya mpiga kura na shahidi mmoja wa avenyu kwenye meza ya malalamiko ya mradi. Usikubali jibu la mdomo. Waombe wakuandikie hali ya jina lako ni ipi na sababu ya kufungwa ni ipi, kwa maneno. Waulize moja kwa moja: “Yule aliyelipwa, namba ya kikaratasi chake ni ipi?” Kama namba ni nyingine, basi ni watu wawili, na hata wao wataona. Na picha yako wanayo. Mtu anaweza kufanana nawe jina na tarehe, lakini sura yako unayo peke yako. Waambie wafungue picha mbili waziweke bega kwa bega. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu kutoka Kinshasa, inahitaji mtu mwenye ruhusa na dakika tatu.

*

Mama Klavie, wakati wa kuandikisha sikuwa na simu, nikatoa namba ya mtoto wangu wa kiume. Sasa yuko Kolwezi anachimba, anasema ujumbe wa pesa haujafika. Lakini mke wake ana kitenge kipya. Nifanye nini bila kuvunja ukoo?
— Mama wa Ruashi

Kitenge si ushahidi, mama, ingawa nakuelewa.

Kabla ya kumshika mtoto, jua kwamba pesa ya simu ina njia nyingi za kupotea bila mwizi. Orodha ya mradi ina jina lako. Kadi ya simu ina jina la mwanao, au la rafiki aliyemnunulia kwenye kabini, kibanda cha simu. Kuna miradi inayolinganisha majina hayo mawili. Yasipofanana, pesa inarudi kwenye akaunti ya mradi na kulala hapo. Au kadi ilikaa muda mrefu bila kutumiwa, kampuni ikaifunga, namba ikauzwa kwa mtu mwingine, naye sasa anamshukuru Mungu kwa muujiza. Au mwandikishaji aligeuza tarakimu mbili. Namba ina tarakimu kumi, jua lilikuwa kali, na mimi siwezi kumhukumu.

Kwa hiyo muulize mtu wa mradi neno moja: pesa yangu ilitumwa, ilipokelewa, au ilirudi? Hali hizo ni tatu tofauti na wao wanaziona kwenye skrini. Ikiwa ilipokelewa, watakuambia siku na saa. Hapo mwombe mwanao aende na kitambulisho kwenye duka la kampuni ya simu akatoe orodha ya miamala yake. Kama mikono yake ni safi, ataenda. Kama anaanza kusema mvua, barabara, mgodi haufungi, basi umeshapata jibu, na la ukoo nawaachia wazee wa nyumba.

Halafu tafuta kadi ya simu yako mwenyewe, kwa jina lako, hata kama simu utaazima. Na namba ya siri usimpe mtu, hata anayekuonyesha kadi ya mradi yenye picha.

Watu wananiuliza kama kulipa kwa simu ni upuuzi tu. Siyo. Togo walifanya, tena haraka. Tarehe 8 Aprili 2020, korona ikiwa ndiyo inaanza kufunga watu majumbani, walianzisha mpango wa Novissi. Mtu alipiga *855# kwenye simu yoyote, hata ile ya tochi, akajibu maswali machache, na pesa iliingia kwenye simu. Hakuna foleni wala tableti. Mwanamke alipata faranga za CFA 12,250 kwa mwezi na mwanamume 10,500, na mimi hesabu hiyo ya kumzidishia mama ilinipendeza. Waliweza kwa sababu walikuwa na daftari la wapiga kura la hivi karibuni la kulinganisha. Asiyekuwa na kadi ya kura alibaki nje, na hilo lisisahaulike.

Sisi je? Sensa yetu ya mwisho ni ya 1984. Kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho chetu cha muda, na muda huo umezeeka. Zile za 2023 nyingi zilifutika picha na maandishi ndani ya miezi michache. Nimeziona mezani kwangu, nyeupe kama sahani. Mtu anakuja nimtolee kopi ya kadi ambayo haina kitu. Natoa kopi ya nini?

*

Mimi nasoma informatiki chuo kikuu hapa. Mwalimu wetu anasema mifumo ya serikali inaanguka kwetu kwa sababu ya umaskini tu. Tukiwa na pesa na umeme wa kudumu itasimama. Unakubali?
— Mwanafunzi, komini ya Lubumbashi

Umeme ungesaidia, mwanangu, sikatai. Wiki iliyopita nilimaliza barua ya mteja kwa betri ya pikipiki. Lakini mwambie mwalimu kwa heshima kwamba nina mifano mitatu ya nchi ambazo umeme haukatiki.

Marekani, tarehe 1 Oktoba 2013. Serikali inafungua HealthCare.gov, mahali pa kununua bima ya afya kwa msaada wa serikali. Mamilioni wanaingia. Siku ile ya kwanza, waliofaulu kufika mwisho na kupata bima walikuwa 6. Usisome haraka ukadhani nimesahau sifuri. Kosa moja lilikuwa dogo kwa macho: mtu hakuruhusiwa hata kutazama bei kabla ya kufungua akaunti, kwa hiyo nchi nzima ikajibana kwenye mlango mmoja mwembamba. Na makampuni yaliyojenga vipande yalikuwa mengi. Kuviunganisha na kuvijaribu vyote pamoja kulikuja dakika za mwisho. Walileta mafundi wapya, wiki baada ya wiki wakaziba, na ilipofika Aprili 2014 waliojiandikisha kwenye masoko yote ya bima hiyo walikuwa milioni 8. Nakumbuka sehemu hiyo ya pili pia, kwa sababu inaonyesha kwamba mfumo ulioanguka siku ya kwanza unaweza kuinuliwa, kama kuna mtu ambaye aibu inamhusu.

Uingereza walitaka kuchukua misaada 6 tofauti na kuifanya mmoja, Universal Credit. Walianza Aprili 2013 mji mdogo wa Ashton-under-Lyne, karibu na Manchester, kwa watu wachache na kesi nyepesi, na walisema 2017 watakuwa wamemaliza. Mwaka huohuo wa 2013 wakaguzi wa hesabu wa serikali wakatoa ripoti kwamba pauni milioni 34 za kazi ya kompyuta zimeshatupwa. 2017 ikapita, na tarehe ya mwisho ikaendelea kusogea. Lakini mimi kilichonigusa si pauni. Ni kwamba mtu aliyeomba alisubiri wiki 6 kabla ya malipo ya kwanza, kwa sababu mfumo ulidhani kila mtu anaishi kwa mwezi, kama karani. Anayelipwa kwa wiki, au kwa siku, ale nini wiki 6? Kodi ya nyumba ikalimbikizwa, watu wakakopa. Mwaka 2018 wakapunguza zikawa 5. Hiyo haikuwa hitilafu ya kompyuta. Kompyuta ilitii vizuri sana mawazo ya mtu ambaye hajawahi kununua unga kwa kipimo cha kopo.

Wa tatu ndio unaonitisha. Australia, kuanzia 2016, mashine ilipewa kazi ya kuwinda waliopokea msaada kupita kiasi. Ilichukua mapato ya mtu ya mwaka mzima kutoka kwa watoza kodi, ikayagawa sawasawa kwa vipindi 26 vya wiki mbili. Sasa mchukue kijana wetu anayebeba mizigo Kasumbalesa. Miezi mitatu ya kazi amepata dola 600, miezi tisa iliyobaki hana kitu na anaomba msaada. Gawa kwa 12: mashine inasema kila mwezi alikuwa na dola 50. Kumbe hata mwezi ule aliolala njaa alikuwa na 50! Amedanganya, arudishe. Na ni juu yake kuthibitisha kwamba hakudanganya, atafute karatasi za malipo za miaka iliyopita. Watu wakaupa mpango huo jina la Robodebt. Mwaka 2019 serikali ikakubali mahakamani kwamba hesabu ile haikuwa halali, 2020 ikatangaza kurudisha dola za Australia milioni 721 kwa madeni kama 470,000, na tume ya kifalme iliyochunguza ikatoa ripoti Julai 2023. Hapo umeme ulikuwepo, pesa ilikuwepo, wahandisi walikuwepo. Kilichoondolewa ni yule karani aliyekuwa akiinua simu na kuuliza: “Bwana, hii hesabu ni kweli?”

Ukihitimu, ukapewa kazi ya kujenga mfumo kama huu, nakuomba jambo dogo. Kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu, njoo ukae kwenye benchi mbele ya meza yangu kuanzia saa mbili mpaka saa nane. Bukari, ugali wetu, nitakupa. Halafu ongeza kisanduku cha jina la tatu, na kisanduku cha tarehe kinachokubali neno “haijulikani”.

*

Mimi ni ajenti wa pesa za simu, avenyu yetu naihifadhi. Siku ya malipo watu mia tatu wananijia mimi peke yangu. Pesa ya mkononi inaisha saa nne. Wananiita mwizi. Mmoja alinitupia jiwe. Kosa langu nini?
— Ajenti, Kampemba

Kama hukati franka za siri, huna kosa. Kama unakata, unajua mwenyewe na barua hii usingeiandika, au labda ungeiandika.

Waliopanga waliwaza mpaka pesa inapoingia kwenye simu, wakaishia hapo. Lakini soko la Kenya halipokei ujumbe wa simu kwa mwanamke anayenunua kapenta (dagaa) wa franka elfu mbili. Lazima noti itoke mahali fulani, na mahali hapo ni droo yako. Mradi ungeweza kulipa kartie (mtaa) moja Jumatatu, nyingine Jumatano, na kuwaambia maajenti wiki moja kabla ili mkaongeze mtaji. Haigharimu kitu. Kwenye mradi wetu tuliwahi kupendekeza, tukajibiwa kwamba programu inatuma kwa wote kwa kubonyeza mara moja, na hiyo ndiyo faida yake.

Bandika karatasi mlangoni: kiasi ulichonacho leo, na kiwango halali cha makato. Saa pesa inapoisha, kata mstari mwekundu chini uandike saa. Watu wanavumilia kukosa. Wasichovumilia ni kutojua.

*

Je, kompyuta inaweza kumchukia mtu?
— Miaka 13, Kenya

Haiwezi, mdogo wangu. Lakini inaweza kufundishwa na watu nani wa kumshuku. Uholanzi, wazazi wengi waliopewa msaada wa kulipia malezi ya watoto waliambiwa ni matapeli na kudaiwa warudishe zote, wakati mwingine kwa sababu ya sahihi iliyokosekana kwenye karatasi. Mfumo uliochagua nani achunguzwe ulitazama hata kama mtu ana uraia wa nchi nyingine. Mambo yalipofichuka, serikali nzima ya waziri mkuu wa wakati huo, Mark Rutte, ilijiuzulu, Januari 2021. Kompyuta haikujiuzulu. Andika tena, maswali yako ni mazuri.

*

Mama Klavie, toleo lililopita nilikuandikia jina langu halipo kwenye orodha ya wazee, ukanijibu nisubiri orodha ya nyongeza. Nimesubiri. Orodha ya nyongeza haikuja, na meza ya malalamiko imefungwa tarehe 15. Wewe nawe ni kama wao.
— Mwalimu mstaafu, Bel-Air

Mwalimu, umenichapa na nimestahili. Nilikuambia usubiri kwa sababu kwenye mradi wetu nyongeza ilikuja, nikadhani miradi yote ina tabia moja. Sikuuliza kwanza. Nimefanya kosa lilelile la 01/01: nilijaza kisanduku ili niende kwa mtu anayefuata.

Wasomaji hawajui kilichofuata, kwa hiyo niwaambie. Jumanne tulikwenda pamoja, yeye na fimbo yake, mimi na lile daftari la kurasa tisini na sita, sijui kwa nini nililibeba. Mlinzi alisema malalamiko yamefungwa. Mwalimu akamwambia kwa Kifaransa cha shule ya zamani, polepole, kwamba yeye hana lalamiko, ana swali. Wakaturuhusu. Ndani kulikuwa na binti mmoja na kompyuta moja, na kwa bahati alikuwa mwelewa. Alitafuta kwa jina la ukoo: hakuna. Nikamwomba atafute jina la ubatizo kwenye kisanduku cha ukoo. Akanitazama, akaandika. Mwalimu akatokea: picha yake, miwani yake, koti lilelile alilovaa siku ile. Alikuwa ndani ya orodha muda wote, amepinduliwa kichwa chini miguu juu.

Binti hakuwa na ruhusa ya kubadilisha. Alipiga simu tatu. Mwishowe aliandika ombi kwenye rejista, namba 117, akapiga muhuri, akampa Mwalimu nakala. Tumeambiwa turudi Ijumaa, baada ya saa tano, tumuulizie mkuu wake. Fimbo, daftari na mimi tutakuwepo saa nne.